Mguu wa Baba Mlimani Mbuya

Kamwokya, 12 Februari 2023

Baba mpendwa,

Asalaam alaykum. Hamjambo huko Bombo? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Sisi wazima. Simu yako umeizima tena, kwa hiyo nampa Abudu wa teksi ya Bombo barua hii.

Baba, jiji limekubali! Mara tano tumepanda ngazi za ofisi, mimi na wapangaji wako, Bibiane mshonaji akitutangulia na Kiswahili chake cha Bukavu. Sasa vile vyumba vyetu sita vinaweza kuwa ghorofa tatu, vyumba kumi na vinane. Ushirika wetu na wapangaji utajenga upande mmoja kwanza, asilale mtu nje. Chini tutaweka betri za boda za umeme: dereva anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Sisi madereva wa steji yetu ya boda sote tunahamia umeme, na mimi nimeshahamia.

Imebaki sahihi yako tu. Nakusihi, usimpe kiwanja yule tajiri anayetaka kuegesha magari. Magari yana pa kulala, watu hawana.

Mwanao,
Safinah

Bombo, 20 Februari 2023

Safinah binti yangu,

Alaykum salaam. Hatujambo, namshukuru Mola. Mama yako anakohoa kidogo, si kama alivyokohoa Kamwokya kwa moshi wa barabara, mpaka tukahama.

Ghorofa sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hizo boda. Nimetengeneza pikipiki miaka thelathini na minane, na pikipiki isiyonguruma kwangu ni harusi bila ngoma. Zikishindwa mtarudi kwenye petroli, na watu wa vyumba kumi na vinane watalala juu ya moshi. Sitasaini hilo. Heri magari ya tajiri, yanalala yamezimwa.

Jumamosi nakuja. Nina kilo mia na kumi. Ukinifikisha kilele cha Mbuya bila kunishusha nisukume, tutazungumza.

Baba yako,
Sulaimani

Kamwokya, 15 Machi 2023

Baba,

Asalaam alaykum. Mko salama? Mama je? Zaidi ya wiki mbili huandiki.

Nilikufikisha juu, hukusukuma hata hatua moja. Ukashuka, ukaitazama pikipiki, ukaingia teksi ya Bombo. Kama ni kile kicheko, nisamehe. Njia nzima ya mlima wewe ulikuwa umeutoa mguu wa kulia nje, umeukaza kama gogo, hata askari pale juu akauliza, "Muzee, mguu iko na shida gani?" Madereva wa steji ya pale juu wakacheka, na mimi nikacheka.

Tajiri anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Bibiane ameanza kufunga vitambaa vyake. Naogopa, Baba.

Mwanao,
Safinah

Bombo, 21 Machi 2023

Safinah,

Alaykum salaam. Sisi wazima, na Ramadhani ndiyo hiyo imebisha hodi.

Sikukasirika, niliona aibu. Kwenye shavu la mguu wa kulia nina kovu la kuungua na ekzosi, la mwaka wa themanini na tisa. Tangu siku hiyo, nikipakiwa pikipiki, mguu huo hujitoa wenyewe. Nikapanda Mbuya nzima nikikwepa bomba la moshi ambalo halipo. Fundi mzima!

Nilimwonyesha mama yako nilivyokaa. Akacheka mpaka machozi, halafu akaniuliza, "Kama hakuna moshi, mimi Bombo nafanya nini?" Nikaitafuta kalamu.

Karatasi ya jiji imo humu ndani. Sahihi yangu, na ya Kulusum mama yako chini yake. Tajiri nimemjibu mwenyewe. Mwambie Bibiane afungue vitambaa.

Baba yako,
Sulaimani

Bombo, 3 Julai 2024

Safinah binti yangu,

Asalaam alaykum. Hujambo? Bibiane hajambo, na wapangaji wapya? Naambiwa wote wameshaingia na bado kuna foleni mlangoni. Wajengee na upande wa pili upesi.

Mama yako amefunga mizigo tangu Jumapili, tunapika kwa sufuria moja. Jumamosi tunakuja. Chumba kiwe cha chini, karibu na betri, nione wanavyozishika. Vijana wa leo hawana adabu na vyombo. Barua sitaandika tena. Ukinitaka, gonga dirisha.

Teksi mama yako kaikataa. Anataka wewe umpakie kwenye boda yako mpaka Kamwokya, watu wamwone. Mimi nitafutie dereva mwenye mgongo imara. Safari hii mguu utakaa ndani.

Baba yako,
Sulaimani