Jiwe Ulilogonga, Mzee Mshamu

Mzee Mshamu, fundi wangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimeingoja mpaka nimechoka kuingoja.

Hapa karakana, Misugusugu, mashine yako ya kunolea imefungwa kava jipya la kukinga jiwe la kunolea. Ndiyo, lile lile ulilokuwa unaliomba, bosi akasema linazuia vyuma vikubwa. Kalifunga hata matanga yako hayajaisha! Kila nikilitazama natamani kulitemea mate.

Mimi ndiye ninayekaa pale sasa. Juzi chuma kilikuwa kinaungua, kinageuka bluu, wenzangu wakanipigia kelele nikikandamize zaidi. Nikakusikia: "Jiwe limeziba vumbi la chuma, we Rehema. Lichonge uso, acha kukandamiza." Nikalichonga, likakata vizuri. Hakuna aliyekutaja.

Wanapokutaja ni kwa mabaya. Bosi alikaa msibani kwako Kisarawe, akala ubwabwa, akanawa, akasema uzee ulikuchosha, ulifunga jiwe lenye ufa bila kuligonga, ndiyo maana likakupasukia. Wewe! Wewe uliyening'iniza kila jiwe kidoleni, ukaligonga kwa mpini wa bisibisi, ukatunyamazisha wote ili usikie kama linalia, ni zima, au limekufa sauti, lina ufa!

Mkeo, Mama Zuhura, aliuliza tu: "Mume wangu anagonga hata vikombe vya chai kabla ya kununua. Jiwe ndiyo asiligonge?" Mimi sikujua, maana jioni ulipolifunga jiwe lile nilikuwa nimeshaondoka kazini.

Jibu nimelipata jana, kwa Shaibu. Rafiki yako Shaibu, mwenzetu wa karakana, aliyebeba jeneza lako akalia kuliko wanao. Jioni ile uliligonga jiwe, ukalifunga, ukaenda zako kuswali. Yeye akalifungua ili aweke la kwake, anoe panga lake la shamba. Lako likamponyoka, likaanguka kwenye sementi. Akalitazama, hakuona ufa, akalirudisha, akanyamaza. Asubuhi ukawasha, likapasuka, likakupiga. Kava halikuwepo la kulizuia.

Eti aliogopa utamgombeza. Ungemgombeza, ndiyo, tena sana! Halafu mngekunywa kahawa, na leo ungekuwa hai.

Nina hasira, Mzee. Naye, na bosi, na wewe pia, kwa kuondoka na lawama isiyo yako huku mimi nikibaki kuisikiliza kila siku.

Kesho nampeleka Kisarawe. Nimemwambia akikataa nitamtaja mwenyewe mbele ya karakana nzima. Atakaa mbele ya mkeo, aseme kwa mdomo wake. Tukitoka huko tunakwenda kwa bosi. Akinifukuza, na anifukuze.

Pumzika, fundi wangu. Nakuahidi, kesho Mama Zuhura hatalala bila jibu lake. Uligonga. Uligonga, na jiwe likalia.

Mwanafunzi wako,
Rehema