Beseni la Chai

Jumatano, 8 Oktoba
Wali wa kantini tena. Kilo mbili za unga wa dona zimelala chini ya kitanda tangu nifike Guangzhou, maana bwenini kupika ni marufuku. Leo nimeona chumba nyuma ya chuo. Kidogo, ila kina jiko. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, Ayi Liang. Ayi ni kama kusema shangazi. Hajawahi kupangisha mgeni. Hakukataa, hakukubali. Kanialika chai Jumapili asubuhi, anione kwanza. Nakitaka hicho chumba mpaka naona aibu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimejiharibia mwenyewe.
Mgahawani, wahudumu waliweka mezani birika na beseni. Nikajua tunanawa, moyo ukatulia. Ayi akamimina. Nikatumbukiza mikono yote miwili.
Chai. Tena inayotoka moshi. Sikupiga kelele, ila machozi yalinitoka. Kumbe beseni ni la kusuuzia vikombe na bakuli kabla ya kula. Meza ya jirani waliacha kutafuna. Ayi akaagiza barafu, akanishika vidole.
Nikamweleza kwa Kichina changu cha kuungaunga: “Kwetu tunanawa kwanza. Mdogo anammiminia mkubwa maji.”
“Ya moto hivi?”
“Hapana, Ayi. Ya vuguvugu.”
Akasuuza bakuli langu, akanijazia chakula. Kuhusu chumba, hakuna neno.

Jumatano, 15 Oktoba
Kimya. Vidole vimepona, roho bado.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kimya. Nimekagua unga, hauna wadudu. Nikikumbuka lile beseni nacheka peke yangu, halafu nanuna. Nani atampa nyumba mtu anayenawa kwa chai?

Jumamosi, 18 Oktoba
Ujumbe wa Ayi: “Njoo na mizigo.” Nimeruka juu ya kitanda, ubao ukalia. Sijali. Nimehama kwa safari mbili, unga mbele.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimesonga ugali. Samaki wa kukaanga, mboga za majani na nyanya nyingi. Nina furaha ya kijinga.
Ayi kapanda ngazi na machungwa. Nikamsuuzia bakuli na vijiti kwa chai mbele yake, nionekane nimeelimika. Akaangalia mpaka mwisho. Kisha akavisogeza vijiti pembeni, akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja juu ya beseni na kungoja.
Maji niliyapima kwanza kwa kiwiko. Nikammiminia taratibu.