Baba Mkwe Anadai Beberu wa Mlimani

Bibi Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako upesi, kwa maana jambo lililoanza kwa kicheko sasa linataka kuniondolea mchumba. Mimi ni karani wa chama cha kahawa, Mwarusha wa Sambasha, ninaishi Kijenge, na kwa kuwa huandika shajara kila jioni nitakueleza mambo kama yalivyofuatana.

Rafiki zangu wawili, Aminieli na Elisaria, ni Wameru wa Nkoaranga. Mwaka huu Bwana Nyama wa serikali ametoa leseni chache tu za kuwinda upande ule wa mlima, na Aminieli akabahatika kupata moja, nayo inaruhusu pongo, yule swala wa msituni, dume mmoja, basi, akishaanguka leseni imekwisha. Jumamosi tarehe 14 Julai tulipanda, Aminieli na gobori la mjomba wake, Elisaria na panga, mimi na chupa ya chai, nami nikakohoa tukampoteza pongo wa kwanza, wakanikataza hata kupumua, lakini mchana, ukingoni mwa msitu, alitokea mwingine mwenye pembe nzuri na Aminieli akamwangusha kwa risasi moja.

Sasa, Bibi, sisi Waarusha hatuli nyama ya porini. Kwa wazee wetu anayekula pongo ni mtu asiye na ng'ombe wala mbuzi, humwita Ndorobo, na hapewi binti. Mimi nilikula ini palepale msituni, na nikaomba tena.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kwenda kumwamkia Mzee Parsimei, baba wa mchumba wangu Nanyori, huko Sambasha, na nilikuwa nimeahidi kufika na mguu wa mbuzi, ila mbuzi sikununua kwa sababu siku yote ilikwisha mlimani. Elisaria akasema mguu ukishachunwa hauna jina. Nilibisha kidogo, nakiri si sana, tukaufunga kwa majani ya mgomba tukaenda nao sote watatu. Mzee alipouliza umetoka wapi, Elisaria alinitangulia kujibu, akasema ni mbuzi wa kwao mlimani, hula majani ya juu tu, ndiyo maana nyama yake haina mafuta. Mimi nikanyamaza. Nanyori, ambaye ndiye aliyepika, alinitazama mara moja, akatoka kwenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Mzee alikula pamoja na wazee wawili wa rika lake, akasifu, akaongeza. Kisha akasema mbele yao kwamba kabla ya kubariki ndoa anataka beberu wa ukoo uleule, amchanganye na kundi lake.

Niliporudi tarehe 29 kumwomba apokee ng'ombe tu, alinikalisha chini, uso mkavu kabisa, akauliza mbuzi yule alikuwa na alama sikio gani. Nikasema la kulia.

"Lilikatwa au lilitobolewa?"

"Yote mawili, baba."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayejifunza. Akanywa maziwa yake, akaweka kibuyu chini.

"Na huyo beberu wenu, kijana wangu, usiku hulia au hubweka?"

Nikasema hulia, ila kwa sauti nzito kwa ajili ya baridi ya mlimani.

Tangu hapo silali. Rafiki zangu wanasema wanao mpango. Aminieli anataka turudi mlimani tukatafute pongo wa pili kwa leseni ileile, ati askari wa nyama hawezi kujua ni yupi wa kwanza, ili mzee angalau apate mguu mwingine apoe. Elisaria anataka tumtege mtoto wa pongo akiwa hai, tumvishe kengele, tumpeleke Sambasha wakati wa magharibi ambapo mzee haoni vizuri. Nikikamatwa, kazi ya ukarani imekwisha. Nikikataa, sina beberu. Na nikisema kweli, nitaitwa Ndorobo mbele ya ukoo mzima na Nanyori ataolewa na mwenye ng'ombe zaidi. Nifuate lipi?

Wako mtiifu,
Lemburis, Kijenge

JIBU

Karani,

Nimekuhurumia, lakini kwanza nimecheka, na hilo umelitafuta mwenyewe.

Pongo mlimpata kwa haki, leseni moja, dume mmoja. Katika habari yako yote hiyo ndiyo sehemu pekee iliyo safi, na sasa rafiki zako wanataka kuichafua. Leseni imekwisha. Wa pili ni wizi, awe amekufa au awe na kengele shingoni. Usipande mlima tena mwaka huu hata kwenda kuangalia maua.

Sasa sikia. Mzee Parsimei amechinja mbuzi tangu kabla hujazaliwa, nawe unadhani hatambui mguu wa mbuzi? Nani huuliza kama beberu hubweka, isipokuwa anayemjua pongo, abwekaye usiku msituni? Alijua tangu tonge la kwanza, na aliongeza akijua. Nanyori, aliyeikata nyama ile kwa mikono yake, alijua kabla yake. Mzee hatafuti mbuzi, ndugu yangu. Anataka kuona mtu anayemwomba binti atasema uongo hadi wapi, na wewe umekwisha kufika kwenye sikio lililokatwa na kutobolewa.

Unaogopa kuitwa Ndorobo. Hawezi kukuita hivyo bila kujiita mwenyewe na wenzake wawili. Lakini ole wako ukimkumbusha. Wale wazee huenda bado wanaamini walikula mbuzi, na heshima yake iko mikononi mwako kama binti yake alivyo mikononi mwake. Kwa hiyo hutasema mbele ya mtu yeyote.

Nunua beberu wa kweli, mwenye masikio mazima, umpeleke wewe mwenyewe asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Aminieli na Elisaria wabaki kwao, hasa Elisaria. Mwamkie mzee, mwombe msogee kando, umwambie, "Baba, ule mguu ulikuwa wa pongo, nami nilinyamaza." Usiongeze habari za kukosa nafasi ya kununua mbuzi. Akikutoza faini, toa. Akicheka, usimtangulie kucheka. Kisha umwombe radhi Nanyori, kwa kuwa ndiye uliyempa nyama isiyolika kwao aitie katika chungu cha mama yake, na hukumwambia neno.

Majina yenu yote nimeyabadilisha. Beberu anayebweka sikuweza kumbadilisha. Gazeti hili hufika Kijenge siku ya Alhamisi na Sambasha siku ya Jumamosi, na huko Sambasha yuko binti anayejua kusoma. Uwe umetangulia.