Vumbi Lipitalo Mkaani

Berlin, 9 Oktoba 1917

Baba yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kifua cha Mama kimepata nafuu kabla baridi haijakaza. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo tu.

Umeniandikia kwamba umebandika picha yangu kwenye kioo cha duka lako la dawa, na chini yake maneno: "Mwanangu anaokoa askari wetu." Ibandue, Baba. Ibandue leo hii.

Ni kweli, kwa miaka miwili nilitengeneza barakoa za kuzuia gesi ya sumu. Kazi yangu ilikuwa kupima kipi kinanasa kwenye mkaa wa kichujio na kipi kinapenya. Profesa Lossow, mkuu wetu wa maabara, ambaye hutengeneza gesi zenyewe, alizoea kunitania mbele ya wenzangu kwamba yeye anafua panga, mimi nashona magwanda. Wote walicheka. Nami nilicheka nao huku roho ikinichoma.

Juma lililopita alitupeleka karibu na medani, eti tukajionee matunda ya kazi yetu. Katika hema la wagonjwa walilala mateka Waingereza kumi na wanne. Barakoa zao zilikuwa nzima kabisa. Siku hizi kuna vumbi, Baba, laini kuliko moshi. Linapenya mkaa na kumtapisha mtu. Akivua barakoa atapike, gesi ya kuua inamngoja nje. Mmoja wao, mwalimu wa shule aitwaye Pettifer, alijua Kijerumani. Kwa sauti ya kukwaruza aliniuliza kama mimi ni daktari. Nikamjibu kwamba ni mkemia. Akasema, "Basi sogea, bwana. Unanizibia hewa." Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Na Profesa? Alinipa sigara! Akaniambia, "Hongera, kijana. Leo umekuwa mwanamume." Niliitupa matopeni, nikamwita mchinjaji mbele ya maofisa. Hata hakukasirika. Akasema, "Mchinjaji hachinji kwa kucha, Wittkamp. Kisu alinipa nani?"

Alisema kweli, mwanaharamu yule. Vumbi lile ni langu. Mimi ndiye niliyeliona likipenya mkaa, mwezi Machi. Ningeweza kutafuta kichujio cha kulizuia, au hata kufunga mdomo. Badala yake nilivaa koti langu zuri nikampelekea Profesa daftari la vipimo vyangu kwa mikono yangu miwili, nikitaka siku moja tu asinicheke.

Nimekataa kurudi maabara. Jumatatu wananipeleka kwenye mahandaki, askari kama askari wengine. Tafadhali usiende kumpigia mtu yeyote magoti kwa ajili yangu.

Nisalimie sana Mama, na jamaa wote wanaonikumbuka. Wakikuuliza, usiwaambie kwamba niliamriwa. Hakuna aliyeniamuru.

Ni mimi mwanao,
Reinhold