Udi Ulionukia Pasipo Moshi

Shikamoo, Mama. Uitikie kwa sauti, hata kama ni mdogo wangu Zaina anayekusomea, maana huku nilipo nimeinamisha kichwa nasubiri marahaba yako. Presha inaendeleaje? Miguu bado inavimba jioni? Mvua imefika Kang'ata, au mahindi yamekaukia shambani? Mimi ni mzima wa mwili, nafanya kazi, ila nina hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kazi yangu unaijua nusu nusu. Hapa Maskati niko chumba cha nyuma cha duka, napima mafuta ya manukato na kuyachanganya kama bibi mwenye duka anavyoniagiza. Udi unaoujua wewe ni vile vijiti vya sokoni Handeni. Huu wa huku ni mti ulioumwa ndani ukatoa utomvu mweusi, na huo ndio unaotolewa mafuta. Siku ya kwanza kuunusa nilisema unanuka zizi la mbuzi. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema kumbe Mzigua ana pua. Mbichi unanuka zizi kweli, lakini ukikaa juu ya ngozi unageuka kuwa na utamu ambao siwezi kukueleza.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, duka limefungwa, nimejilaza chumbani, nikasikia udi. Dirisha limefungwa, hakuna chetezo wala moshi. Nikamuuliza Mama Asha, yule mwenzangu wa Makuyuni ninayelala naye chumba kimoja, akasema pua yake imeziba kwa mafua, hasikii kitu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba udi ukinukia pasipo moshi, kuna mtu wa nyumbani anaaga. Nikapiga simu yako, haipatikani. Nikampigia Zaina, nikamwambia namtaka Mama.

"Mama amepumzika," akaniambia.

Mama, ni neno gani hilo la kumwambia mtu aliye mbali? Si ndilo hilo hilo watu wanaloandika siku hizi wakitangaza misiba? Nikamuuliza amepumzika vipi, akasema amepumzika tu, atanipigia. Nyuma yake nikasikia wanawake wengi wanaongea na sufuria kubwa linaburuzwa. Nikauliza ni kina nani hao, akasema wageni, na simu ikakata.

Jioni nilirudi kazini. Bibi aliponiona nimemwaga mafuta ya waridi mezani alinishika mkono, akataka nimweleze. Nilipomsimulia hakucheka. Alinivuta karibu, akanusa ncha ya ushungi wangu, akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja, "Mwanangu, udi umo nguoni mwako. Vyengine vyote vishakwenda zake."

Ni kweli, asubuhi ushungi ulikuwa umegusa bakuli la kuchanganyia. Ndivyo manukato yenye udi yalivyo, Mama. Ukijipaka, kwanza unasikia ndimu, halafu waridi, na baadaye sana, umeshasahau hata kama ulijipaka, ndipo udi unajitokeza peke yake. Jambo hilo nalijua, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Hofu ilinitia ujinga.

Lakini nafuu yangu ilikuwa ndogo. Harufu nimepata maelezo yake, neno la Zaina sijapata. Kila nikipiga, mara umekwenda kwa shangazi, mara simu yako haina chaji. Na mimi nawajua watu wetu. Babu alipofariki, Baba Mdogo alikuwa kwenye mashamba ya chai Dindira, na ni wewe, Mama, uliyesema asiambiwe mpaka afike. Akaambiwa Mzee anaumwa kidogo, aje amwone. Akaja na machungwa ya mgonjwa, akakuta turubai uani na watu wamekaa mikekani. Alisimama pale na mfuko wake, hakuna aliyejua ampokee mzigo kwanza au ampe pole. Nilikuwa mdogo, nikaona mmemhurumia. Leo ni mimi niliye mbali, na naona ni ukatili, unisamehe kwa kusema.

Labda nahangaika bure. Labda wale wanawake walikuja kumtazama mzazi hapo jirani, na wewe ulikuwa umenyoosha mgongo tu. Nikijiambia hivyo napumua, halafu hofu inanirudia hata kijiko kiko mkononi. Bibi ameniondoa kwenye kupima mafuta, ameniweka kufunga maboksi, maana nakosea vipimo. Nilikuwa nimekuwekea kichupa cha udi huu wenyewe. Nimekirudisha rafuni. Niliogopa kisije kikatumika kwenye sanda.

Nisalimie mdogo wangu Juma wa bodaboda, na shangazi mfinyanzi, na mjomba anayeadhini, mwambie aniombee. Zaina asidhani nimemkasirikia. Namwonea huruma kama kweli ameachiwa kazi ya kunificha.

Barua hii anaileta Mama Asha, amepata likizo, atapitia kwetu kabla ya kufika kwao. Amebeba na miwani ya kusomea niliyokununulia. Nimemwapisha kwamba barua anaweza kumpa yeyote atakayemkuta mlangoni, lakini miwani akuvalishe wewe mwenyewe. Akikosa uso wa kuuvalisha, arudi nayo huku, anikabidhi bila kusema neno.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Mwanahawa