Mama Alifungia Karanga Mwisho wa Riwaya

Jambo Maman Bibiane wa gazetini, nisaidie haraka na jina langu usiliandike, maana Ijumaa inspekta wa shule anakuja kutuhoji. Nasoma mwaka wa sita, na tangu vita ifunge barabara darasa letu lina kitabu kimoja tu cha ile riwaya ya mtihani, ile ya ndugu wawili wanaogombania kinu cha baba yao, basi Prof Philémon alikikata vipande, kila mmoja asome chake kisha awasimulie wengine, mimi nikapewa mwisho, nikauweka juu ya kabati, na kabla sijausoma mama akautumia kufungia karanga zake za kuuza. Nilipolia akasema, "Ile makaratasi ilikuwa ya masomo? Miye niliona iko ya zamani." Zamu yangu ikafika, nikaona haya, nikatunga: kaka mkubwa anapiga magoti, anaomba msamaha, wanasaga unga pamoja. Darasa zima lililia, Maman, hata Prof alipangusa macho, akatuandikisha kwamba dhamira kuu ni msamaha, tukaikariri, na sasa anasema, "Mutoto wangu, wee ndiye utasimama wa kwanza mbele ya inspecteur." Mbaya zaidi, Honoré wa dawati langu, aliyenuniana na kaka yake kwa ajili ya kiwanja, siku ileile alikwenda kumwomba msamaha, na sasa wanakula sahani moja. Nikisema ukweli si watagombana tena? Nikinyamaza si tutaanguka wote?

Mwenye Haya, Bagira

*

Binti yangu, nimecheka mpaka chai ikamwagika, kisha nikakasirika.

Riwaya hiyo niliisoma nikiwa lise, sekondari yetu ya zamani. Kaka mkubwa hapigi magoti hata kidogo! Anabomoa kinu kwa mikono yake ili mdogo wake asikipate. Mwisho wako ni mtamu kuliko wa mwandishi, lakini inspekta hatoi pointi za utamu. Darasa zima litajibu kwa uongo wako, na wenzako hawajakukosea lolote. Vita imeshawanyima vitabu, wewe usiwanyime diploma.

Honoré mwache ale na kaka yake. Walipatana wao wenyewe, si wale wa kitabuni.

Prof mwendee nyumbani, peke yako, umwambie yote. Atafoka, vumilia. Kisha mwambie dhamira haikupotea: ndugu wale wanatamani msamaha kuanzia sura ya kwanza, na kiburi kinawanyima. Hilo mnaweza kulijibu bila aibu.

Jibu hili nimekutumia Jumanne kwa mkono wa jirani yenu. Gazeti linatoka Alhamisi asubuhi, na walimu wa mji huu, nawajua, huanza na ukurasa wangu. Jina lako sikuliandika, lakini la Prof Philémon limo, naye jina lake analijua. Kimbia, binti, umtangulie.