Barakoa kwenye Boti la Chisenga

Alhamisi, 6 Oktoba

Boti la saa moja asubuhi. Tumebanana ishirini na kitu, magunia matupu chini ya miguu, jua limeshaanza ukorofi wake. Nilivaa barakoa yangu ya kitenge cha bluu tangu nyumbani. Ba Mulenga, mwenye boti, akapanda juu ya dumu la mafuta akatangaza kama mtu anayegawa sukari ya bure: «Ba mama, masque sasa ni ya kupenda kwa mutu! Corona yalipwa!» Imekwisha, anasema. Ameimaliza yeye. Watu wakapiga makofi. Waliokuwa nazo wakazivua papo hapo. Mmoja akaitupa yake ziwani. Nikabaki peke yangu.

Basi wakanianza. Mama daktari. Bibi harusi. Mwanamke wa nyuma akasema kwa sauti, «Mutu wa kujifunika kinywa, eko na bugonjwa.» Nikaikaza barakoa yangu. Si kwa upole. Ningefungua mdomo ningemtukana na mama yake.

Katikati ya safari Mama Kabange akafungua dumu lake la munkoyo kama kila Alhamisi. Ni kinywaji anachokipika mwenyewe, kwa unga wa mahindi na mizizi yake. Kikombe kimoja cha bati, kinazunguka kutoka mbele mpaka kwa Ba Mulenga kwenye injini. Hukikatai. Ukikikataa umesema mbele ya watu wote kwamba aliyepika ni mulozi anayetaka kukuua, na wanawake wale hawatakaa na wewe tena. Kikanifikia. Nikashusha barakoa, nikanywa, nikapandisha. Ulikuwa mtamu.

Kisiwani Chisenga nimepata magunia mawili ya samaki makobo wakavu. Nimefika nyumbani saa kumi. Nilipoinama kumsalimia mume wangu, Baba Solange, akageuza uso ukutani. Kila Alhamisi ni hivyo sasa. Najua hapendi nisafiri. Desemba uvuvi unafungwa, na nisiposafiri sasa tutakula ukuta huo.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimefua barakoa zote mbili na kuzipiga pasi ya makaa. Jirani alisimama kwenye ua akicheka. Aje asikilize kifua cha mume wangu anapofunga kamba za viatu, kisha acheke.

Miaka kumi na minne ya kutoboa mwamba migodini kule Katanga. Vumbi lilibaki ndani. Nesi wa kliniki aliniita mimi pembeni, si yeye: mafua ambayo wewe utayapiga siku tatu, yeye yatamzika. Tuko wawili tu hapa Nchelenge. Solange ameolewa Lubumbashi. Baba yake hatoki nje ya ua. Kwa hiyo mafua yakiingia nyumba hii yataingia na mimi. Ndiyo maana navaa. Haihusu redio wala serikali.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mama Kabange amekohoa kutoka bandarini mpaka kisiwani. Mdomo wazi. Kikohozi kibichi cha mtu aliyeanza jana. Nikamtolea barakoa yangu ya pili, safi, imekunjwa. Akaiangalia kama nimempa nepi. «Mais Mama Solange, iko vumbi tu,» akasema, akaiweka juu ya gunia. Upepo ukaichukua. Nimebaki na moja.

Ni rafiki yangu. Tulivuka ziwa hili pamoja kutoka Kilwa ya Katanga mwaka ule wa bunduki, wanawake wawili na sufuria moja. Leo nilimchukia. Nimeandika na sifuti.

Alihurumiwa na boti zima. Pole, mama. Kunywa munkoyo, mama, utafungua koo. Akanywa wa kwanza, kikombe kikaendelea. Mimi niliyefunika mdomo wangu mwenyewe sikupata pole hata moja. Nilipewa kikombe kama wengine, kwa macho ya pembeni.

Hiari gani hii? Asiyevaa anapigiwa makofi, anayevaa anaulizwa anaumwa nini. Na Ba Mulenga ndiye anacheka kuliko wote. Injini yake anaifunika turubai isirukiwe na tone la maji. Haondoki bandarini kabla ya kuinyunyizia mafuta ya kanisa. Hofu yake inaitwa imani, yangu inaitwa ugonjwa. Nyani haoni kundule.

Jumamosi, 15 Oktoba

Sokoni Kashikishi. Mteja wangu wa miaka mitatu alishika makobo, akanusa, akawasifu. Kisha akaniangalia usoni na kuuliza kama naumwa kifua. Nikasema hapana. Akasema atarudi. Alinunua meza ya tatu kutoka kwangu, namwona. Nilitaka kumrushia gunia.

Sokoni ni nje, upepo upo. Nimeivua hapo mchana. Nikauza. Nimerudi nyumbani nina hasira na pesa.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimeshaweka mguu mmoja ndani ya boti, mguu mwingine kwenye maji, Ba Mulenga akanyoosha mkono wake mbele ya kifua changu, kunizuia. «Mama, batu bananiuliza kama uko na TB. Banaogopa. Toa ile kintu, ao ushuke.» Ishirini na kitu wananitazama. Mama Kabange anatazama magoti yake na kukohoa.

Nikamwambia ni wewe uliyesimama juu ya dumu na kusema ni ya kupenda. Mimi napenda. Nikalisema kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kibemba ili asijifanye hakusikia. Nikapanda. Nikakaa mbele kabisa, mahali pa kulowana, ambapo hakuna anayegombea. Hakuna aliyekaa karibu nami. Afadhali.

 Kikombe kilipoletwa niliona wote wanangoja nikikatae, wapate la kusema mwaka mzima. Sikuwapa. Nikashusha barakoa nikanywa mpaka chini, wakaona chini ya kikombe. Wakashindwa.

Nimeshinda leo. Nimefika nyumbani nataka kumsimulia Baba Solange, nikainama, akageukia ukuta. Nikamwambia hata wewe? 

Jumatatu, 24 Oktoba

Baba Solange ana moto mwilini. Tangu alfajiri. Anasema ni uchovu. Uchovu wa kukaa kitandani?

Mimi koo linaniwasha tangu jana. Nilidhani ni moshi wa jiko.

Jumanne, 25 Oktoba

Kliniki. Baiskeli ya kukodi, yeye nyuma ameniegemea, mimi nimeshika mgongo wake na mwenye baiskeli anasukuma. Kila hatua ishirini tunasimama apumue. Wamemtia mpira wa hewa puani. Nesi aliuliza nani mwingine anakohoa nyumbani. Nikasema mimi, kidogo. Nikasema lakini mimi navaa barakoa, nilipewa ugonjwa na mtu mmoja ambaye havai. Nesi akaandika.

Namjua mtu huyo. Najua jina lake na jina la kijiji chake.

Alhamisi, 27 Oktoba

Sikwenda kisiwani. Nilikwenda bandarini tu, kwa ajili yake.

Nilimkuta anapanga foleni ya kupanda, dumu la munkoyo kichwani. Nikamwambia yote mbele ya watu. Nikamwambia mume wangu ana mpira puani kwa sababu ya mdomo wako. Nikamwambia nilikupa kitambaa safi ukakitupa. Nikamwambia akifa, wewe ndiye utakuja kuchimba. Nilipiga kelele mpaka wauza mafuta wakaacha kupima. 

 Mama Kabange alilishusha dumu polepole, akaliweka mchangani, akakaa kando yake. Boti likaondoka bila yeye.

Nilitembea kurudi kliniki nikiwa mwepesi. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Jumamosi, 29 Oktoba

Leo Baba Solange amezungumza. Maneno matatu, pumzi, maneno matatu. Nikamsimulia nilivyomtia adabu Mama Kabange. Nilisimulia vizuri, na mikono. Nilidhani atafurahi.

Akavuta pumzi ya mpira. Kisha akasema: «Kila Alhamisi unarudiaka na munkoyo mu kinywa.»

Nikasema ndiyo, tunakunywa, wewe unajua desturi.

«Kikombe ngapi?»

Kimoja, nikasema.

 Akafumba macho. Nami nikabaki nimekaa kwenye kile kiti cha chuma, nikaanza kuona. Kikombe kimoja. Mama Kabange wa kwanza, kwa sababu ya kikohozi. Kisha wengine. Kisha mimi, mpaka chini. Kisha barakoa juu, safi, imepigwa pasi.

Na uso wake ukutani. Hakuwa amenuna. Alikuwa anasikia harufu ya mizizi mdomoni mwangu tangu mlangoni, akijua nimekunywa na kikohozi cha boti zima. Akageuka ili asivute pumzi yangu. Hakusema neno, nisije nikachagua kati yake na wanawake wa boti. Aligeuka tu, kila Alhamisi, na mimi nikamkasirikia.

Jumapili, 30 Oktoba

Nyani ni mimi.

Jumatano, 2 Novemba

Najaribu kumlaumu Ba Mulenga. Bado anastahili. Najaribu kumlaumu Mama Kabange, haishikiki. Nilimwogopa hewani nikamnywa kwenye bati. Niligombana na boti zima kuhusu kitambaa, nikaonekana jasiri. Kumbe kukataa kikombe ndiko kulikonishinda. Niliogopa kuonekana nimemwita mtu mchawi. Halafu nikaenda nikamwita muuaji bandarini. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili. Najitukana tangu asubuhi na sijamaliza.

Leo wamemtoa mpira kwa saa mbili. Amemaliza nusu ya uji.

Jumatatu, 7 Novemba

Tumerudi nyumbani. Mvua ya kwanza imenyesha, vumbi limetulia. Ametoka kule amepungua. Kutoka kitandani mpaka mlangoni sasa anapumzika mara moja katikati. Zamani alikuwa hapumziki. Hiyo ni kazi yangu, hainiondoki.

Jumatano, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Mama Kabange. Alikuwa anakoroga chungu. Hakunipa kiti. Nikasema makosa yangu nimesimama, yote, hata la kikombe. Nikasema nilikutukana kwa jambo nililolifanya kwa mkono wangu.

Aliendelea kukoroga. Mwisho akasema, «Minasikia.» Basi. Nimesikia. Hakusema nimesamehe. Na mimi nisingesamehe haraka hivyo.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimerudi kwenye boti. Barakoa ya bluu, ileile. Na kwenye kapu, chini ya kanga, kikombe changu mwenyewe. Cha udongo wa kupakwa rangi nyeupe, kile alichonipa Solange alipoolewa. Nilikiogopa kikombe hicho kuliko nilivyowahi kuiogopa mikono ya Ba Mulenga. Nilikuwa nimeamka nikakitoa kwenye kapu mara mbili, nikakirudisha.

Mawingu, ziwa limetulia, rangi ya sufuria. Dumu likafunguliwa. Bati likazunguka. Lilipofika kwangu sikulipokea. Nikatoa changu nikakishika mbele, kwa mikono miwili, kama mtu anayeomba.

 Ba Mulenga akasema, «Eh!» Wote wakamgeukia Mama Kabange. Tusi lilikuwa lake, yeye ndiye wa kulipokea au kulirudisha. Akakitazama kikombe. Akanitazama juu ya barakoa, machoni, mara ya kwanza tangu bandarini. Kisha akainua dumu zima akamimina mpaka munkoyo ukanimwagikia magotini.

«Kunywa basi,» akasema.

Nikawapa mgongo, nikaelekea upepo, nikashusha, nikanywa. Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa nyuma, yule wa bugonjwa, aliomba kukishika kikombe akione. Nikamwambia kishike, usinywe. Hapo wakacheka, na mimi pia.

Hakuna mwingine aliyevaa barakoa. Sikumwomba mtu.

Nyumbani saa kumi na nusu. Baba Solange alikuwa kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani. Nikasimama mbali kidogo.

«Leo ulikunywa,» akasema.

Nilikunywa. Nikamwonyesha kikombe. Akakichukua, akakigeuza, akanusa ndani, akakiweka pajani.

Nikainama kumsalimia. Hakugeuza uso.